Ugonjwa Tuliokubaliana Kuuandika

Kitale nzima inajua kwamba Sista ndiye aliyeandika malaria kwenye barua ya yule msichana wa Kipsongo. Ukiuliza sokoni, ukiuliza kanisani, watakwambia hivyo hivyo, na wengine watakuongezea mambo ambayo hayakuwahi kutokea. Si yeye. Niliandika mimi. Nimeanza na hilo ili nisifike katikati nikatafuta njia ya kuliruka, maana najijua. Kliniki yetu ilishabomolewa na rejista zake zilichomwa pamoja na magodoro, kwa hiyo hakuna msichana atakayefuatwa kwa sababu ya maneno yangu leo.

Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa nesi. Wageni walidhani ni mtawa, naye aliwaacha wadhani hivyo mpaka watoto wake watano waje kumtembelea. Alikuwa mkuu wa kliniki ndogo ya kanisa, vyumba vinne vya mabati na tangi moja la maji. Mimi nilifika pale miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, nimetoka chuoni, najua kila kitu. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka nywele.

"Wewe ndiye wameniletea? Haya. Unajua kuwasha jiko?"

Nikamwambia nimesomea uuguzi miaka mitatu.

"Si nimesikia. Jiko je?"

Sikujua jiko la makaa. Kwetu tulitumia stovu. Wiki nzima ya kwanza nilichemsha vifaa huku macho yakinitoka machozi ya moshi, naye akipita anasema, "Pepea, daktari, pepea!" Nilimchukia. Baadaye nilimpenda kuliko nilivyompenda mama yangu, na hilo pia nalisema kwa aibu.

Alikuwa na mdomo, huyo mama. Mjamzito akilia kwa uchungu atamwambia, "Lia, lakini lia ukisukuma, usilie bure." Mzee wa kanisa akija na kikohozi atamuuliza mbele ya mkewe ameacha lini sigara. Alitoka upande wa Bungoma, karibu na Chwele, na akikasirika r na l zilibadilishana viti mdomoni mwake. "Retea huyu mtoto branketi!" angefoka, nasi tungeinamisha vichwa tusionekane tukicheka. Alijua tunacheka. Nadhani siku nyingine alifanya makusudi.

Lakini mikono yake haikujua kufoka. Watu wa Kipsongo, mtaa wa mabanda jirani na kliniki, walikuja na miguu yenye matope ya mtaro, na kabla ya kuuliza ugonjwa angeleta karai awaoshe. Nikamwambia siku moja kwamba tunachelewesha foleni. Akaniambia mtu aliyeoshwa miguu hadanganyi sana. Sijui alilitoa wapi hilo, ila ni kweli, nimeliona.

Sasa niseme juu ya jambo lenyewe.

Sista alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Alialikwa shule za sekondari kuzungumza na wasichana, na hakupaka maneno sukari. Mimba ni mtu, aliwaambia. Ukiitoa umeua mtu, na hata nesi akikuficha Mungu hakufichi. Nilienda naye mara mbili na mara zote mbili nilirudi nimenuna. Mwenzangu mmoja chuoni alikufa bwenini baada ya kunywa sijui nini. Tulimkuta asubuhi, shuka limegandamana naye kwa damu. Tangu siku hiyo mimi nilikuwa upande mwingine. Nilitaka sheria ibadilike, msichana aende kwa daktari mchana, mlangoni, kama mtu anayeng'oa jino.

"Jino!" Sista alisema siku niliyotumia neno hilo. Tulikuwa tunakunywa chai, naye alikuwa ameshanipa jina lake la utani. "Wewe Mama Maswali, uliwahi kuona jino lina vidole?"

"Na wewe uliwahi kuona maiti ya msichana inaongea? Kazi hiyo inayokatazwa ndiyo wanaifanya, Sista. Wanaifanya kwa waya."

"Basi tufungue mlango kila mtu aingie?"

"Si wanaingia tayari?"

Akamwaga chai yake nje, ikiwa nusu kikombe. Hatukuongea mpaka jioni. Tulikuwa tukigombana hivyo karibu kila wiki, kwa miaka, na ninaapa hakuna hata mmoja aliyemgeuza mwenzake kwa upana wa ukucha.

Ila wasichana walikuja. Walikuja wamejifunga leso mbili, tatu, wanasema tumbo linauma. Wengine walikuwa wamekunywa majani, wengine wamefanyiwa na mtu mwenye sindano ya kufumia. Na huyu mwanamke aliyewatisha shuleni ndiye aliyewalaza, akawasafisha, akawawekea dripu, akawakorogea chai yenye sukari mpaka kijiko kinasimama. Hakuuliza nani amekupa mimba wala nani ameitoa. Nilimuuliza kwa nini haulizi. Akasema, "Nikijua nitalazimika kumchukia, na niko na kazi."

Kile kilichotoka alikifunga kwa pamba safi, akakiweka kwenye boksi la glavu, akachimba mwenyewe nyuma ya tangi na kuomba kwa Kibukusu, sauti ya chini. Mimi niliona ni wazimu. Siku moja nilimfuata nikamwambia, "Sista, hiyo ni damu tu."

Akaninyooshea jembe. "Sawa. Kama ni damu tu, fukia."

Nililishika lile jembe nikashindwa. Sijui kwa nini. Akalichukua akamaliza kazi yake, na hakunicheka, ingawa ilikuwa haki yake.

Vidonge vya kupanga uzazi hakuwapa wasichana ambao hawajaolewa. Tuligombania hilo kuliko yote. Nilimwambia anawaleta mwenyewe kwenye kile kitanda. Akasema akimpa mtoto wa watu vidonge atakuwa amembariki. Lakini baada ya muda niliona kitu. Msichana akishapata nafuu, Sista alikuwa akimkalisha kwenye chumba cha dawa, anavuta droo ya vidonge, anaiacha wazi, halafu anasema kwa sauti, "Ngoja nikaangalie maji ya chai." Anakaa huko dakika ishirini. Akirudi anafunga droo bila kuangalia ndani. Sikuwahi kumwambia kwamba nimegundua. Niliogopa angeacha.

Malaria ilianza kwa sababu ya polisi. Kulikuwa na askari aliyezoea kupita kliniki kwa kliniki akifungua rejista, na mahali penye neno la kutoka damu angeuliza jina na nyumba. Binti mmoja alichukuliwa kutoka kitanda chetu, bado ana sindano mkononi. Sista alisimama mlangoni akamzuia, akasukumwa. Siku hiyo hakufoka. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa akaniita.

"Wewe na mimi hatutakubaliana hata Yesu akirudi," alisema.

"Najua."

"Lakini huyu mtoto hakustahili hivi."

"Hapo tunakubaliana."

"Basi tushike hapo hapo. Atakayefika hapa kwa miguu yake hafi mlangoni kwetu, na hatumpi askari. Mengine tutaendelea kugombana."

Tukashika hapo hapo. Tukakubaliana kwamba kwenye rejista itaandikwa malaria. Kitale nani hana malaria? Hakuna askari anayefuatilia malaria. Kwangu ilikuwa rahisi, niliandika kama ninavyoandika jina langu. Kwake kila neno lilikuwa dhambi ya uwongo, na alilipa kwa njia yake: siku aliyoandika malaria ile, hakula chakula cha mchana. Tulijua kwa sahani. Githeri ya Sista ikibaki imefunikwa, tulijua kuna mtu chumba cha nyuma. Nilimwambia niandike mimi ili ale. Akasema, "Uwongo huo ni wangu, usiubebe. Wewe una wako wa kutosha."

Na alikuwa na utaratibu kwa wale waliotushinda, wanaohitaji damu, ambao ilibidi wapelekwe hospitali kubwa. Barua ilisema malaria. Kisha Sista alivua aproni, akapanda gari pamoja na mgonjwa, na huko akamvuta daktari pembeni akamwambia ukweli sikioni. "Karatasi ni ya askari," aliniambia. "Mdomo ni wa daktari." Hakuwahi kumtuma mtu mwingine. Hata akiwa na homa alikwenda.

Msichana wa Kipsongo alikuja siku ambayo Sista hayupo. Alikuwa Bungoma kwenye mkutano mkubwa wa akina mama, amealikwa kuzungumza juu ya kuwalinda watoto ambao hawajazaliwa. Alikuwa ameshona gauni jipya kwa ajili hiyo. Nilimtania asubuhi kwamba anakwenda kunisema, akacheka.

Msichana alikuwa na miaka kumi na saba hivi. Alifua nguo za watu mitaani, na vidole vyake vilikuwa vimechakaa kwa sabuni kuliko vya mama mzee. Alikuja na shangazi yake, wanatembea. Aliniuliza kama kesho ataweza kwenda kazini, kwa sababu ameacha nguo za mtu zimeloweshwa. Nikamwambia kesho kutwa. Nilipofunua leso nikajua hakuna kesho kutwa bila damu, na sisi damu hatukuwa nayo.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo penyewe. Chumba cha pili kulikuwa na mama anajifungua, kichwa cha mtoto kinaonekana. Kwenye korido askari alikuwa ameleta mlevi aliyepasuka paji la uso, anasubiri nimshone. Askari yule yule. Amekaa, anaangalia kila karatasi inayopita. Nilichukua kalamu nikaandika malaria kali, upungufu wa damu. Nikapiga muhuri wa kliniki, ambao ulikuwa na jina la Sista kwa sababu tulikuwa na mmoja tu. Nikampata mwenye pikapu. Nikamfunika msichana na lile blanketi zito jeusi ambalo tuliliweka makusudi lisionyeshe damu. Halafu nikamnong'oneza shangazi: ukifika mwambie daktari mimba imeharibika, damu inatoka nyingi. Akaitikia kwa kichwa. Nikarudi kwa yule mama na kichwa cha mtoto wake.

Ningeweza kuandika ukweli nikaifunga barua kwa gundi. Nimefikiria hilo kila siku ya maisha yangu. Gundi ilikuwepo.

Yaliyotokea huko aliniambia shangazi mwenyewe, kwenye matanga, ameketi chini. Walifika kukiwa na foleni. Kijana wa mapokezi akauliza kwa sauti, shida ni nini. Benchi lilikuwa limejaa watu, jirani yake mmoja akiwa pale, na shangazi akaona haya. Akasema, "Si imeandikwa hapo?" Kijana akasoma. Msichana akawekewa dripu ya kwinini, akaachwa alale. Hakuna aliyefunua blanketi. Lilipofunuliwa ilikuwa saa kumi jioni na alikuwa amepoa.

Kamati ya kliniki ilikaa Jumatatu, wanaume watano na pasta. Hospitali ilikuwa imewarudishia barua. Wakaiweka mezani wakauliza nani ameandika uwongo huu. Sista aliinua ile karatasi akaitazama muda mrefu. Hakuwepo, wote walijua alikuwa Bungoma, lakini muhuri ulikuwa wake, mwandiko wa manesi kwao ni mmoja, na waliona huenda aliiacha imeandikwa tayari. Yeye aliujua wangu. Alikuwa ameurekebisha miaka minne.

"Ni yangu," alisema. "Ndiyo maagizo yangu, na ni yangu."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilikuwa na mtoto wa miezi mitatu nyumbani na mume ambaye kampuni imemwachisha kazi. Hayo yote ni kweli na hakuna hata moja ambalo ni sababu. Nilinyamaza.

Wakamfukuza. Kanisa likamtenga, akanyimwa meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu. Na maneno yakakua yenyewe: kufikia Krismasi Sista alikuwa ametoa mimba za wilaya nzima. Alirudi kwao Chwele. Wakati ule watu wa Cheptais, juu mlimani, waliposhuka kukimbia mapigano ya ardhi, wanawake walijifungulia kwenye uwanja wa kanisa la huko, na yeye ndiye aliyewazalisha, siku tatu bila kulala. Jumapili watoto hao walibarikiwa ndani. Sista alikaa nje kwenye nyasi, kwa sababu barua ya kutengwa ilikuwa imemfuata.

Halafu wakaja wa upande wangu. Wanawake wawili kutoka Nairobi, wasomi, watu wazuri kabisa. Walikuwa wamesikia kuna nesi wa kanisa aliyewasaidia maskini kutoa mimba akaadhibiwa, wakataka asimame kwenye mikutano aseme. Niliwapeleka mimi.

"Sikutoa hata moja," Sista aliwaambia.

"Lakini uliwasaidia, mama."

"Niliwaosha."

Walikunywa chai yake wakaondoka. Wazee wa kanisa nao walimpelekea karatasi ya toba waliyoiandika wenyewe, ikisema alishiriki kuua watoto tumboni. Miaka yote ile nilitafuta mahali ambapo pande hizi mbili zinaweza kukutana, na hapo ndipo zilipokutana: zote zilitaka aseme ametoa mimba. Hakuna upande uliokuwa na kazi na mwanamke aliyewaosha.

Mwaka wa elfu mbili na kumi, maneno ya katiba mpya yalikuwa kila mahali, maspika barabarani yakibishana uhai unaanza lini. Mimi nilikuwa Bungoma, msimamizi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja. Nikasikia Sista ana uvimbe tumboni na hautibiki, na kwamba Jumapili atapelekwa Kitale akasome ile toba. Ijumaa nikaenda kwake.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharagwe. Gauni lilikuwa limebaki kubwa, yeye yuko ndani kidogo tu.

"Mama Maswali," alisema. "Kaa. Chambua."

Nikakaa. Nikamwambia asisome. Nikamwambia Jumapili nitasimama mimi, niseme niliandika mimi.

Aliendelea kuchambua. "Halafu?"

"Halafu wajue."

"Watakuuliza kwa nini malaria. Utasema tulikubaliana. Watauliza ni malaria ngapi zilikuwa za uwongo. Halafu wataenda kufungua kabati, si rejista zote ziko pale? Majina yako pale. Wengine wameolewa sasa. Mmoja ni bibi ya mzee wa kanisa." Akatoa jiwe akalitupa. "Mimi nataka kuzikwa na kanisa, watu wakiimba, basi. Nimebakisha miezi. Hao wako na watoto."

Nilihisi mzigo ukinitoka mabegani. Mungu anajua, nilihisi nafuu, na hapo hapo nikajichukia kwa nafuu hiyo. Mpaka leo sijui kama nilinyamaza kwa ajili ya wale wasichana au kwa ajili yangu.

Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Uwongo niliuchukua," alisema. "Nilikwambia tangu mwanzo ni wangu. Msichana sikumchukua. Huyo ni wako."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa angefoka. Tukachambua mpaka ungo ukabaki na maganda, ndipo akauliza, "Siku hizi mnaandika nini?"

"Hatuandiki, Sista. Tunaogopa polisi, tunaogopa na kuandika uwongo. Tunaacha nafasi ya ugonjwa wazi."

"Wazi?"

"Ndiyo."

"Na wanapona?"

"Wengine."

Akakung'uta maganda kutoka kwenye ungo. Kisha akaniambia niende kabla mvua haijashika barabara.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nilikaa benchi la tatu, upande wa wanawake. Watu wawili walimshika mabega wakamsimamisha mbele, akavaa miwani akasoma ile karatasi yote, bila kuruka neno, kwa ile sauti aliyokuwa akisomea orodha ya dawa. Alisoma kwamba alishiriki kuua watoto ambao hawajazaliwa. Alisoma kwamba kwa mkono wake aliandika barua iliyomuua binti wa watu. Hakunitazama hata mara moja. Alipomaliza pasta akamkumbatia, kinanda kikaanza, na watu wote wakasimama wakishangilia. Mama aliyekaa kando yangu alinigusa kiwiko, machozi yanamtoka kwa furaha.

"Dada, piga makofi. Mwenzetu amerudi."

Nikapiga.